Kukaa na Uchungu Bila Kukimbia

SOMO LA VIKUNDI VYA KUJISAIDIA

Andiko la kusoma: Ayubu 2:11-13
Muda: Saa moja na nusu
Vinavyohitajika: Biblia, na mche mmoja wa sukuma wiki au nyanya kutoka kitaluni
Lengo: Mwisho wa somo, kila mwanachama aweze kueleza jinsi yeye mwenyewe anavyokimbia mambo yanayomuuma, na awe amejaribu njia moja ya kukaa nayo.



Mara nyingi tukikutana tunazungumza juu ya mbegu, mbuzi, mikopo na vitabu vya hesabu. Leo tunataka kuzungumza juu ya kitu ambacho mweka hazina hawezi kukiandika katika kitabu chake, lakini kikikosekana, hata kikundi chenye pesa nyingi huvunjika. Kitu chenyewe ni nguvu ya moyo ya kukaa na jambo linalouma, bila kulikimbia na bila kulipapia.

Tumepita katika mengi. Mwaka 2017 viwavi jeshi vamizi waliingia nchini wakala mahindi. Mwaka 2020 ikaja korona. Tangu mwisho wa mwaka huo mvua zikakosa misimu mitano mfululizo huko kaskazini na mashariki mwa nchi, mifugo ikafa barabarani. Halafu kati ya Machi na Mei 2024 yakaja mafuriko, yakachukua nyumba, mashamba na watu. Mtu aliyepita hapo ana haki ya kuchoka. Swali letu si kwa nini tumechoka. Swali ni hili: uchungu ukija, tunafanya nini nao?

1. JINSI TUNAVYOKIMBIA

Hakuna anayependa kuumia. Hata mtoto akigusa sufuria ya moto huvuta mkono haraka, na hiyo ni akili njema aliyopewa na Mungu. Shida ni kwamba uchungu wa moyo si sufuria. Ukiuvuta mkono, wenyewe unakufuata.

Hebu tuangalie njia tunazokimbilia:

- Mwingine anakimbilia chang'aa. Saa mbili tatu hasikii kitu. Asubuhi deni liko pale pale, na juu yake kuna kichwa kinachouma na mke asiyesema naye.
- Mwingine hapati usingizi kwa ajili ya karo ya mtoto. Usiku wa manane anashika simu, anachukua mkopo wa simu ili kulipa mkopo mwingine wa simu. Anapata usingizi usiku ule tu.
- Mwingine anakimbilia maneno. Akiwa na woga anagomba. Watoto wanapigwa kwa kosa ambalo si lao.
- Mwingine anakimbilia kazi. Tangu azike mwanawe hajaketi hata siku moja, maana akiketi atalia.
- Mwingine anajificha. Ana deni la kikundi, basi haji mkutanoni.
- Na wengine wetu tunakimbilia maneno ya dini. Mtu akitueleza shida yake, kabla hajamaliza tumeshasema, "Mungu yuko, usilie." Kumbe si yeye tuliyetaka anyamaze, ni mioyo yetu iliyoshindwa kumsikiliza.

Kiongozi wa somo: simama hapa kidogo. Usiulize mtu ajitaje mbele ya watu. Waambie wanyamaze kwa dakika moja, kila mtu ajiulize moyoni: mimi hukimbilia wapi?

2. KWA NINI KUKIMBIA KUNAZIDISHA SHIDA

Mtu akiogopa, mwili wake hujiandaa kupigana au kukimbia. Moyo unadunda, pumzi inakuwa fupi, mikono inatoka jasho, tumbo linasokota. Mwili hauwezi kubaki hivyo siku zote. Woga hupanda kama maji ya mto wakati wa mvua, hufika juu, halafu hupungua. Ukikaa nao bila kuuchochea, utaona ukishuka.

Lakini mtu akikimbia kila unapopanda, haoni ukishuka. Anajua tu kwamba alikimbia na akapata nafuu. Basi mara ya pili anakimbia mapema zaidi, na mara ya tatu anaogopa hata kabla ya jambo kufika. Aliyekosa mkutano mmoja kwa ajili ya aibu, ule wa pili ni mgumu mara mbili. Ndiyo sababu woga unaokimbiwa hukua, na woga unaotazamwa hupungua.

3. MAFUNZO YA KITALUNI

Sasa mche upitishwe, kila mtu aushike.

Wakulima wote wa mboga wanajua jambo hili. Miche ikiwa kitaluni tunaiwekea kivuli na kuinyeshea maji kila siku. Lakini ukiitoa chini ya kivuli na kuipanda shambani siku hiyo hiyo, jua la saa saba litaiangusha. Kwa hiyo wiki moja au mbili kabla ya kuhamisha, tunapunguza maji na kuondoa kivuli kidogo kidogo. Leo saa moja ya jua, kesho saa mbili, mpaka mche uzoee. Shina linakuwa gumu, na ukipandwa unashika.

Tuone mambo matatu hapo.

Kwanza, mkulima haondoi jua, maana hana uwezo huo. Anaandaa mche.

Pili, haondoi kivuli chote kwa siku moja. Anayefanya hivyo hafundishi mche, anauua. Basi tusimwambie mtu aliyefiwa jana awe jasiri leo. Tuanze na mambo madogo: kungoja zamu bila kununa, kusikiliza neno la kukosolewa bila kujibu hapo hapo, kukaa na njaa ya mfungo bila kusumbua nyumba nzima.

Tatu, mche hauzoeshwi ukiwa peke yake jangwani. Mkulima anautembelea asubuhi na jioni. Binadamu naye anahitaji wa kumtembelea.

4. AKINA MAMA WA RHINO CAMP

Mtu anaweza kusema, "Hayo ni maneno ya kitabu, sisi shida zetu ni kubwa." Basi wacha tuwaeleze juu ya watu ambao shida zao zilikuwa kubwa sana.

Vita vilianza Sudan Kusini Desemba 2013, vikawaka tena Julai 2016. Watu wengi walivuka mpaka wakaingia kaskazini mwa Uganda. Mahali pamoja walipopewa makao panaitwa Rhino Camp. Wengi walikuwa akina mama na watoto. Walikuwa wameona vifo, wameacha mashamba, na hawakujua watarudi lini.

Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetengeneza mafunzo mafupi ya kukabiliana na dhiki. Yalijaribiwa huko Rhino Camp katika vijiji 14, na akina mama 694 wakashiriki. Vijiji 7 vilipata mafunzo yenyewe, na vingine 7 vikapata msaada wa kawaida, ili ionekane kama kuna tofauti. Akina mama walikaa pamoja katika vikundi vya watu 20 hadi 30, yaani kama vikundi vyetu tu. Walikutana mara tano, kila mara kwa saa mbili hivi. Hakukuwa na daktari wa akili. Kulikuwa na sauti iliyorekodiwa kwa lugha yao, kitabu cha picha, na wasaidizi waliofunzwa kwa muda mfupi.

Hawakufundishwa kusahau. Walifundishwa kutambua uchungu unapokuja, kuutaja kwa jina, kuupa nafasi ndani yao bila kupigana nao, kisha kufanya jambo moja dogo ambalo ni la maana kwao, kama kumtunza mtoto au kumsaidia jirani.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Miezi mitatu baada ya mafunzo, waliofundishwa walikuwa na dhiki ndogo ya moyo kuliko wenzao. Vita havikuwa vimewarudishia walichopoteza. Walikuwa bado ni wakimbizi. Lakini walikuwa wamepata namna ya kubeba mzigo.

5. NJIA YA KUKAA NA UCHUNGU

Njia hii tunaweza kuifanya nyumbani, shambani au mkutanoni. Kiongozi asome hatua moja moja polepole, na wote wajaribu pamoja.

Hatua ya kwanza: Keti. Kama umesimama, simama imara. Sikia nyayo zako zikikanyaga ardhi. Zikandamize chini kidogo. Ardhi inakubeba hata sasa.

Hatua ya pili: Pumua polepole. Vuta pumzi kwa utulivu, kisha itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, kama mtu anayepoza uji. Fanya hivyo mara kumi.

Hatua ya tatu: Taja. Jiambie moyoni, "Huu ni woga." Au, "Hii ni aibu." Au, "Hii ni huzuni kwa ajili ya mama yangu." Usiseme "Mimi nimekwisha." Kuna tofauti kubwa. Woga ni mgeni aliyeingia nyumbani, wewe ndiye mwenye nyumba. Sikia pia mwilini uko wapi: kifuani, tumboni au mabegani.

Hatua ya nne: Uache ukae. Hapa ndipo pagumu. Usiusukume, na usibishane nao. Mwiba ukishika leso yako porini, ukivuta kwa nguvu leso inapasuka. Unatulia, unarudi nyuma kidogo, unaachilia polepole. Fanya hivyo na mawazo yako. Ukiona yamekubeba, rudi kwenye nyayo na pumzi. Sikiliza sauti zilizoko karibu: kuku, watoto, upepo.

Hatua ya tano: Fanya jambo moja la maana. Siyo lazima uchungu uishe kwanza. Kamua ng'ombe. Palilia mstari mmoja. Nenda mkutanoni na aibu yako. Tunaweza kutembea huku tunaumia, kama vile tunavyobeba mtungi mzito na bado tunafika.

Mwanzoni dakika tatu zitaonekana ndefu sana. Si kitu. Hata mche ulianza na saa moja ya jua.

6. KIKUNDI KIKIPATA JOTO

Siyo mtu mmoja tu anayekimbia uchungu. Kikundi kizima kinaweza kukimbia. Tuchukue mfano.

Tuseme kikundi kina wanachama 20, na kila mmoja anatoa shilingi 100 kwa wiki. Mama mmoja alikopa shilingi 8,000 za mbegu na mbolea. Mvua ikakatika mahindi yakiwa magotini. Siku ya kulipa hana kitu. Wiki ya kwanza anamtuma mtoto aseme mama ni mgonjwa. Wiki ya pili anapita njia ya chini mtoni, ili asionekane na mweka hazina. Wiki ya tatu mkutano unawaka: "Twende tukachukue mbuzi wake leo leo!"

Mnaona? Yule mama anakimbia aibu, na wanachama wanakimbia woga wa kupoteza pesa yao. Wote wanakimbia, kila mtu upande wake.

Wakienda jioni ile, watachukua mbuzi watatu na kumwuzia dalali wa kwanza kwa shilingi 3,000 kila mmoja. Watapata 9,000, deni limelipwa. Lakini wangengoja siku ya soko, mbuzi mmoja angeuzwa 5,000. Mbuzi wawili wangelipa deni lote, na mama angebaki na mbuzi mmoja na shilingi 2,000 mkononi. Au wangekubaliana alipe shilingi 500 kwa wiki, na baada ya wiki 16 deni lingeisha bila kuuza hata mbuzi mmoja. Haraka ya jioni moja inamnyang'anya mwenzao mifugo, na inakinyang'anya kikundi mwanachama. Tena kila aliyebaki anajifunza somo baya: kwamba siku yake ikifika, ajifiche.

Kwa hiyo tunashauri kila kikundi kiweke mambo matatu katika katiba yake:

(a) Jambo lililozua hasira lisiamuliwe siku hiyo. Lingoje siku saba. Isipokuwa kama kuna mtu aliye hatarini au pesa inaibwa, hapo hatungoji.

(b) Kabla ya jambo gumu kujadiliwa, wote wanyamaze dakika tatu. Wanaotaka waombe kimya kimya.

(c) Mwanachama akikosa mikutano miwili, watu wawili wamtembelee. Siyo kudai. Kuketi naye, kusikia, na kumwambia, "Njoo hata kama huna kitu."

Na kwa yule mwenye deni tunasema: njoo. Utaumia, ndiyo. Uso utakuwa moto. Lakini aibu ya kuketi mbele ya wenzako ina mwisho, na aibu ya kujificha haina.

7. TUSICHANGANYE MAMBO

Hapa tunaomba mtusikilize vizuri, maana somo hili likieleweka vibaya litaumiza watu.

Kustahimili si kunyamazia uovu. Mama anayepigwa nyumbani hatumwambii apumue polepole na kuvumilia. Tunamsaidia apate mahali salama, na jambo lifike kwa chifu au polisi. Mwenyekiti akila pesa za kikundi, hatusemi "subira ni ufunguo wa heri." Tunadai hesabu. Mtoto akiharisha, hatukai na uchungu, tunakimbia zahanati.

Jiulize hivi: je, jambo hili lina dawa leo? Kama lina dawa, tafuta dawa, na tumia pumzi zako ili mkono usitetemeke unapoitafuta. Kama halina dawa leo, kama vile kifo, mvua isiyokuja, au mwana aliyeondoka bila kuaga, hapo ndipo tunapojifunza kukaa.

Tena kuna uchungu ambao umezidi uwezo wa kikundi. Mtu akikaa wiki mbili au zaidi halali, hali, hana hamu ya kitu chochote, au akisema afadhali afe, msimwache peke yake. Msimkemee wala kusema amekosa imani. Muulizeni waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunampa nafasi ya kusema. Ondoeni dawa za mifugo na za kunyunyizia mimea karibu naye, kisha mmpeleke hospitali au mmwite mhudumu wa afya ya jamii. Familia nyingi zilikuwa zikificha mambo haya kwa kuogopa polisi, kwa sababu kujaribu kujiua kulihesabiwa kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu hicho cha sheria kinapingana na Katiba. Mtu huyu ni mgonjwa wa kutibiwa, si mhalifu.

8. NENO LA MUNGU LINATUONYESHA NINI?

Soma sasa Ayubu 2:11-13. Rafiki watatu walisafiri kutoka mbali. Walipomwona Ayubu hawakumtambua, wakalia. Kisha wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa sababu waliona uchungu wake ni mkuu. Hiyo ndiyo kazi njema kuliko zote walizofanya katika kitabu kizima. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa kumweleza ni kwa nini anateseka.

Eliya naye, katika 1 Wafalme 19, alichoka mpaka akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Na Bwana Yesu kule Gethsemane hakujifanya kwamba haumii. Aliwaambia rafiki zake wazi, akawaomba wakeshe pamoja naye. Zaburi ya 88 ni kilio toka mwanzo, na inaisha bado gizani. Iko ndani ya Biblia hivyo hivyo. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kulia mbele za Mungu bila kumalizia na wimbo wa furaha.

Na sisi wenyewe desturi hii tunayo. Kwenye matanga tunakwenda, tunaketi juu ya mkeka, tunakunywa chai, wala hatuna jibu. Mfiwa hakumbuki tulisema nini, anakumbuka tulikuja. Ujuzi huo wa matanga tuulete pia kwa mwenye deni, mwenye mtoto aliyefukuzwa shule, na mwenye shamba lililokauka.

MASWALI YA KUJADILI

Gawanyikeni watu watano watano.

1. Katika kijiji chetu, watu wakipata shida hukimbilia wapi? Faida yake ni nini, na hasara yake ni nini?
2. Je, kikundi chetu kimewahi kuamua jambo kwa hasira? Nini kilifuata?
3. Tofauti ya kustahimili na kunyamazia uovu ni ipi? Toeni mfano mmoja wa kila upande.
4. Nani katika kikundi hajaonekana siku nyingi? Nani wawili watamtembelea, na siku gani?

Swali la nne lisiachwe bila majina na siku kuandikwa na katibu.

KAZI YA NYUMBANI

Kila siku kwa wiki mbili, keti dakika tatu ukifuata hatua tano. Chagua uchungu mdogo wa kuanzia, siyo ule mkubwa kuliko wote. Katika mkutano ujao, wanaotaka waeleze waliona nini. Asiyetaka kusema asilazimishwe.

Mche mliopitisha leo mpandeni mahali pamoja, na mmoja wenu autunze. Muuzoeshe jua kidogo kidogo kama tulivyosema. Mtakapokutana tena, kabla ya hesabu, mwende mkautazame pamoja.

Mungu awape nguvu ya kuketi, na pia nguvu ya kusimama wakati wake ukifika. Amina.